Mahame Yenye Watu

Kalunde Mihambo alisikia mchi kabla hajaona nyumba. Alizima gari, akateremsha kioo, akatega sikio. Watu wawili walikuwa wakitwanga kwa kupokezana, na katikati ya mapigo alisikia kicheko cha mwanamke. Akaitazama tena Ramani iliyokuwa ikiwaka mapajani mwake. Bado ilisema kile kile ilichokuwa ikisema tangu alipotoka mjini. Ardhi yote iliyokuwa mbele yake, kutoka kijitoni hadi chini ya kilima, ilikuwa imepakwa kijivu, na juu ya kijivu hicho yaliandikwa maneno "uoto wa mahame", yaani mimea ya mahali palipohamwa na watu.

"Mahame gani haya yanayotwanga?" alijiuliza kwa sauti.

Miaka hiyo Ramani ilikuwa ikijichora yenyewe. Setelaiti ziliitazama nchi kutoka juu, na vipima-udongo vidogo kama punje za mtama, vilivyomwagwa kila mahali miaka ya nyuma, viliionja kutoka chini. Kila kulipokucha Ramani ilijua msitu wa miombo umesogea wapi, mbuga gani imekauka, kinamasi kipi kimegeuzwa shamba la mpunga. Na haikuishia kujua. Kila daraja la ardhi lilikuwa na sheria zake, na sheria hizo zilitekelezwa na mitambo. Daraja ndilo lililoamua maji yaende wapi, umeme uende wapi, na miti ipandwe wapi. Binadamu alibakiziwa kazi moja tu. Kabla daraja la kipande chochote halijabadilishwa rasmi, ilikuwa lazima mtu akanyage pale kwa mguu wake, achume jani, na atamke kwa kinywa chake kwamba kilichoonwa na Ramani ni kweli. Mtu huyo aliitwa mhakiki. Kwa mkoa wote ule, mhakiki alikuwa Kalunde.

Aliliacha gari, akaifuata sauti ya mchi.

Kijiji kiliitwa Isamvu. Hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa na kanisa la bati, shule, na ua wa minyaa kuzunguka kila nyumba. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha mara tu walipouona mfuko wake wa kazi. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mabega mapana, alijifuta mikono kwa kanga akamsogelea.

"Shikamoo, mama," Kalunde alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na Ramani?"

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye mhakiki."

"Basi karibu. Naitwa Gaudensia Kapele, mwenyekiti wa kijiji ambacho hakipo."

Hakucheka aliposema hivyo, wala waliokuwa nyuma yake hawakucheka. Alimchukua Kalunde hadi kwenye pampu ya maji iliyokuwa katikati ya kijiji. Akaifungua. Pampu ilitoa mlio kama wa mtu anayesafisha koo, kisha kimya.

"Ilikatika mwishoni mwa masika," Gaudensia alisema. "Tukadhani imeharibika. Nikapiga simu, sauti ikanijibu kwamba eneo hilo halina wakazi. Nikaiuliza, sasa wewe unaongea na nani? Ikasema asante kwa kupiga."

"Na zahanati?"

"Imejifunga. Mlango haufunguki, taa haziwaki. Tunateka maji kijitoni, na huko nako tunayaona yakipungua. Lakini hayo yote si kitu. Njoo uone."

Walipita nyuma ya shule. Uwanja ambao zamani watoto walichezea mpira ulikuwa umejaa miche, mistari kwa mistari, miti ya msituni ya mininga na mitundu, kila mmoja umefika kimo cha goti. Na kati ya mistari hiyo, polepole, bila haraka yoyote, zilitembea mashine za miguu sita zenye ukubwa wa mbuzi. Watu waliziita wapanzi. Mmoja alisimama, akachimba shimo, akatumbukiza mche, akalifukia kwa mguu wa mbele, akasogea.

"Tuking'oa, kesho yake wamepanda tena," Gaudensia alisema. "Mtu hawamgusi. Ukisimama mbele yao wanakuzunguka kwa heshima zote. Lakini mahindi yangu waliyanyunyizia dawa mchana kweupe huku nimesimama katikati yake. Kwao mahindi ni magugu."

Kalunde aliinama, akauchunguza mche mmoja. Ulikuwa na afya nzuri sana. Alikuwa amesomea mimea maisha yake yote na hakuwahi kuogopa mche hadi siku hiyo.

Aliwaambia wasubiri, akatembea peke yake hadi kwenye ua wa kanisa akampigia simu mkuu wake, Dokta Adelhelm Luoga.

"Dokta, Isamvu kuna watu. Wamejaa tele. Ramani imekosea."

Luoga alikuwa mtu mpole, aliyezoea kupima maneno. "Haijakosea, Kalunde. Imewahi tu."

"Sikuelewi."

"Unajua tatizo la mahame. Kijiji kikihamwa, miembe inabaki, minyaa inabaki, mikonge inabaki. Ukitazama kutoka juu, mahame na kijiji kidogo chenye watu vinafanana uoto. Ramani ilihangaika na jambo hilo kwa miaka. Mwishowe ikajifunza kuangalia mwelekeo. Vijana wanaondoka, mashamba yanapungua, njia zinaota nyasi. Kijiji cha namna hiyo ni mahame ambayo bado hayajafika. Ikishajua hivyo, inaanza maandalizi."

"Maandalizi ni kukata maji?"

"Maji ni machache. Yanapelekwa panapobaki watu."

"Dokta, wakikatiwa maji wataondoka. Halafu mnanituma mimi nihakiki, nakuta patupu, nasema ni kweli."

"Ndiyo," Luoga alisema kwa sauti ile ile ya upole. "Ndiyo maana usahihi wake ni mkubwa kiasi hicho."

Kalunde aliegemea ukuta wa kanisa. Mbele yake mpanzi mmoja alikuwa akipima ardhi ya makaburini.

"Nitatamka kwamba ni makazi," alisema. "Nina mamlaka hayo."

"Unayo. Lakini sikiliza kwanza. Unaujua Mkataba wa Mvua. Nchi saba tunagawana mitambo ya kusukuma mawingu, na mkoa wetu unapewa mvua kulingana na sehemu ya ardhi iliyo msitu. Sehemu hiyo ikipungua hata kidogo, mawingu yanapelekwa kwa wengine. Unakumbuka miaka ya ukame?"

Aliikumbuka. Alikuwa binti mdogo, na mama yake alikuwa akichemsha magome.

"Ukiirudisha Isamvu kuwa makazi, Ramani itatafuta kijiji kingine cha kufidia. Nimeshaitazama. Kinachofuata ni Kabwenge. Utapita hapo ukirudi. Kapaone, kisha uniambie unachagua kipi."

*

Alitamka Isamvu kuwa makazi kabla hajaondoka. Alichuma jani la minyaa, akaweka mguu kwenye ardhi, akasema maneno. Wapanzi wakasimama wote kwa pamoja kama waliosikia filimbi, wakageuka, wakatoka kijijini kwa mstari. Pampu ikakohoa, ikatema kutu, halafu maji. Wanawake wakapiga vigelegele. Gaudensia hakupiga. Alimtazama Kalunde usoni kwa muda mrefu.

"Mbona hufurahi, mwanangu?"

"Nafurahi, mama," Kalunde alisema, akapanda gari.

Kabwenge ilikuwa mwendo wa saa mbili. Alipofika alikuta mwanaume juu ya paa, anaezeka nyumba mpya. Alimuuliza njia ingawa aliijua, kwa sababu alitaka kusikia mtu wa pale akiongea. Mwanaume alishuka, akasema anaitwa Oswadi, akamwonyesha njia, kisha akamlazimisha anywe kikombe cha togwa. Alimweleza kwamba nyumba ile ni ya mwanawe anayeoa baada ya mavuno.

"Vijana wengi wanaondoka," Oswadi alisema, "lakini huyu wangu amekubali kubaki. Ukibaki na mmoja, wengine watarudi. Sivyo, dada?"

Ramani ililia mfukoni mwake. Aliitoa. Ardhi ya Kabwenge yote ilikuwa imeanza kugeuka kijivu chini ya kikombe alichoshika, na swali lilikuwa likisubiri kwenye kioo: *Thibitisha mahame?*

"Kuna tatizo?" Oswadi aliuliza.

"Hapana, kaka. Asante kwa togwa."

Njiani hakuwasha redio. Alilizungusha jambo lile kichwani kila upande, na kila upande lilikuwa na watu. Akikataa Kabwenge, kuna kingine. Akikataa hicho, kuna kingine tena. Mahali fulani kwenye mkoa ule pangekuwa mahame, na anayetamka ni yeye. Ndipo wazo likamjia, na lilimjia likiwa limekamilika, kiasi kwamba alipunguza mwendo.

Ramani haikusema popote kwamba mahame lazima yawe kijijini.

Aliingia mjini Nsanda jua likiwa bado juu. Alikuwa akiishi Mtaa wa Mijohoro, mtaa wa wafanyakazi wa Ofisi ya Ramani, wenye nyumba nzuri za matofali na miti ya kivuli iliyopandwa zamani. Dokta Luoga aliishi mwisho wa mtaa. Maofisa wa maji waliishi hapo, na wa umeme. Ukiutazama kutoka juu ulikuwa mijohoro, miembe na michongoma. Kutoka juu hakuna tofauti.

Alisimama uani kwake. Jirani yake, Bi Felista, mkunga mstaafu aliyewahi kumwuguza malaria kwa wiki nzima bila kuombwa, alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ua.

"Umerudi, Kalunde! Nimekuwekea maharage."

"Nashukuru, Bi Felista. Nakuja sasa hivi."

Alijua kwamba yampasa kumwuliza. Alijua yampasa kuuliza kila mlango. Lakini alijua pia watakachojibu, maana angejibu hivyo yeye mwenyewe. Akachuma jani la mjohoro. Akakanyaga udongo wa uani kwake, akaisogeza Ramani karibu na midomo, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtaa ule ni mahame.

*Imekubaliwa*, Ramani ilijibu. Kijivu cha Kabwenge kikafutika.

*

Maji yalikatika siku hiyo hiyo. Umeme ukafuata. Kesho yake asubuhi wapanzi waliingia mtaani kutokea bondeni, wakaanza na kiwanja cha mbele ya nyumba ya ofisa wa maji. Walichimba barabara. Walinyunyizia dawa bustani za waridi. Watoto waliwafuata wakicheka, mpaka mpanzi mmoja alipochimba shimo mlangoni kwa watu, akapanda mtundu pale pale kizingitini, na mama wa nyumba akapiga ukelele.

Watu hawakuchukua muda kujua ni nani. Walijaa uani kwa Kalunde, na yeye hakukimbia. Alitoka, akasimama kwenye ngazi, akawaeleza kila kitu. Aliwaeleza habari za pampu ya Isamvu na sauti ya simu, mahindi ya Gaudensia, na nyumba ya Oswadi inayongoja bibi harusi.

"Sikuwauliza," alisema. "Hilo ni kosa, na sijitetei. Lakini nilitaka walioitengeneza Ramani wafungue bomba wasikie mlio wake. Ninyi mna simu zinazopokelewa. Wale hawana. Nendeni mkaseme utaratibu huu uvunjwe."

"Uvunjwe tukose mvua?" aliuliza ofisa wa maji. "Mwanangu ana figo mbovu, Kalunde. Mashine yake inataka umeme. Wewe hukujua hilo?"

Kalunde hakujua.

"Sema basi," mtu mwingine alipaza sauti. "Tengua ulichotamka!"

"Nikitengua, inarudi Kabwenge."

"Hao wa Kabwenge ni wangapi?" mwanamke mmoja aliuliza, na wengine wakageuka kumtazama, si kwa kumshangaa, bali kwa kutaka kusikia jibu. Kalunde aliziona nyuso zao zikianza kupiga hesabu. Walikuwa watu wema. Aliwajua wote kwa majina. Walichangiana misiba, walipelekeana futari na mikate ya Krismasi, na sasa walikuwa wakipima watu wasiowajua dhidi ya watoto wao, kama vile yeye alivyowapima wao.

Bi Felista peke yake ndiye aliyekuwa ameketi, juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Msiniulize mimi," alisema ingawa hakuna aliyemwuliza. "Nimewazalisha nusu ya hawa mnaowaona. Sijui kuchagua mtoto."

Ndipo Dokta Luoga akaingia getini. Alikuwa amevaa suti yake ya kazini, na viatu vyake vilikuwa na udongo mbichi. Watu wakampisha.

"Kijana wa figo amepelekwa hospitali, yuko salama," alimwambia kwanza ofisa wa maji. Kisha akamgeukia Kalunde. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana amechoka, kama mtu aliyeuza kitu asichokusudia kukiuza.

"Nimetoka kuzungumza na wizara," alisema. "Walishtuka. Walikuwa hawajawahi kufikiri kwamba mhakiki anaweza kufanya jambo kama hili. Nami niliwaeleza uliyoyaona Isamvu, Kalunde. Niliyaeleza vizuri, nakuapia. Nilidhani watauliza kuhusu Isamvu."

"Wakauliza nini?"

"Waliuliza kwa nini bado tunatumia wahakiki."

"Sharti la mguu wa mtu limeondolewa," Luoga aliendelea. "Imewachukua muda mfupi tu, kikao kimoja. Kuanzia leo Ramani inabadilisha madaraja yenyewe. Haitangoja mtu akanyage wala aseme."

"Na mtaa huu?"

"Umeshatolewa kwenye mahame. Ramani imechagua pengine."

"Wapi?"

Luoga aliinamisha kichwa. "Waliona ni heri hilo lisijulikane. Mahame hayataonyeshwa tena kwa mtu yeyote. Wamesema yakionyeshwa, tutajikuta tena hapa tulipo." Kisha akaongeza kwa sauti iliyosikika kwa Kalunde tu, "Waliniuliza kama ningependa kuambiwa. Nikasema hapana."

Katika nyumba ya tatu kutoka pale bomba lilikohoa. Halafu la nyumba ya pili. Maji yakaanza kulia kwenye mabeseni yaliyokuwa wazi, kwenye masinki, kwenye mpira wa bustani ulioachwa chini, mtaa mzima. Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walitazamana, wakatazama chini, kisha mmoja akasema ngoja nikafunge lisije likafurika, akaondoka. Wakafuata wawili. Baadaye wakaondoka wote, haraka kidogo kuliko ilivyohitajika, na wapanzi wakatoka mtaani kwa mstari bila kumgusa mtu.

Kalunde aliichukua Ramani. Ilifunguka, lakini mkoa wote ulikuwa wa kijani na wa njano, mzuri kama kanga mpya, bila doa hata moja la kijivu.

Alimpigia simu Gaudensia. Simu iliita mara nyingi.

"Mama, maji yanatoka?"

"Yanatoka, mwanangu! Tena kwa nguvu. Mungu akuzidishie."

Alishukuru, akakata. Akaingia ndani, akatoa madumu yote aliyokuwa nayo, akayapanga chini ya bomba. Lilipojaa la kwanza alilibeba hadi garini. Aliporudi kuchukua la pili alimkuta Bi Felista amekwisha kulifunika.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui, Bi Felista. Kuna watu mahali fulani wamefungua bomba sasa hivi."

"Na ukiwapata utawafanyia nini? Tamko lako halifai kitu tena."

"Nitawaambia ni kwa nini. Angalau wasidhani pampu imeharibika."

Bi Felista alifikiri. Kisha akaenda kwake, akarudi na madumu yake mawili na mfuko wake wa ukunga, akaketi kiti cha mbele bila kuomba ruhusa.

Walianza na Kabwenge. Oswadi alikuwa bado juu ya paa. Aliposikia swali kuhusu maji alishangaa, akaita chini, na binti mmoja akafungua bomba la uani. Maji yaliruka hadi ukutani.

"Yapo tele," Oswadi alisema. "Kwani kuna wasiopata?"

Kalunde aliitazama barabara iliyoendelea mbele ya kijiji. Ilikuwa ikigawanyika njia tatu, na zote tatu zilizamia kwenye miti.

"Wapo, kaka," alisema, akawasha gari.